Wimbo wa Amani na Tuzo Yake

Masomo ya kutafakari: Yakobo 3:13–18, Mathayo 5:9



Mwezi huu twapenda kusema nanyi juu ya jambo linaloonekana katika sharika na shule, nalo ni desturi ya kutoa tuzo kwa watu watungao nyimbo, mashairi, michezo au picha zenye kuhubiri amani. Watu hukusanyika, waamuzi huketi mezani na karatasi zao, kwaya husimama moja moja, watoto huonyesha picha walizochora, na mwisho mtu mmoja au kikundi kimoja hupewa zawadi mbele ya macho ya wote. Wako wanaouliza: Je, jambo hili lawafaa Wakristo? Amani yaweza kushindaniwa? Na huyu apewaye tuzo kwa kuimba amani, ameifanya amani, ama ameiimba tu? Maswali haya si madogo, wala si vema kuyajibu kwa haraka.

Kwanza tukumbuke ya kwamba kushindana kwa nyimbo si jambo lililoletwa kwetu na meli. Wasukuma tangu zamani wamekuwa na vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu. Wazee husimulia habari za Ngika na Gumha, watu wawili walioshindana katika ngoma, kila mmoja akawa na wafuasi wake hata leo. Baada ya mavuno vyama hivi hukutana siku moja katika uwanja mmoja, vikapiga ngoma zao wakati ule ule. Na chama kivutacho watu wengi upande wake ndicho kilichoshinda. Miguu ya watazamaji ndiyo iamuayo. Huko Bujora, karibu na Kisesa, penye jumba la makumbusho ya Wasukuma, mashindano haya hufanyika katika sikukuu iitwayo Bulabo, mwezi wa Juni, katika majira ya sikukuu ya Wakatoliki ya Mwili wa Kristo. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada ambaye watu walimwita Fumbuka, ndiye aliyeikaribisha ngoma karibu na mlango wa kanisa.

Tena katika ngoma hizo iko moja iitwayo Bugobogobo, ngoma ya wakulima, ambayo wachezaji wake hucheza wakiwa na majembe mikononi. Huyainua, huyazungusha, nao hufuata pigo moja kama watu walimao shamba moja. Nasi tukiitazama twamkumbuka nabii Mika, katika sura yake ya nne, aliyeona siku ambayo chuma cha vita kitarudishwa kwa mhunzi ili kifanywe chombo cha shamba. Watu wa ziwa hili wamwelewa Mika upesi. Babu zetu walipata majembe kwa Warongo, wahunzi wa upande wa Uzinza, walioyeyusha chuma katika matanuru yao. Na jembe lilikuwa na thamani hata likatolewa katika mahari. Chuma kile kile kingaliweza kuwa mkuki. Moto ulikuwa mmoja, nyundo ilikuwa moja. Mhunzi ndiye aliyechagua.

Ulimi nao ni kama chuma hicho. Yakobo asema juu ya ulimi mambo makali katika sura ile tuliyoitaja, ya kuwa kinywa kimoja chaweza kutoa sifa na laana. Mtunzi mwenye kipaji aweza kutunga wimbo wa kupatanisha ndugu wawili, na kesho yake akatunga wimbo wa matusi ambao utachekwa sokoni miaka kumi. Kwa hiyo hatuwezi kusema ya kuwa kutunga na kushindana ni kubaya kwenyewe. Mtume Paulo alitumia mfano wa wakimbiaji na taji lao alipowaandikia Wakorintho, wala hakuona haya. Lakini wazee wetu hao hao husimulia ya kuwa Ngika na Gumha hawakushindana kwa sauti na miguu tu. Walishindana kwa dawa pia, kila mmoja akitafuta nguvu ya kumdhoofisha mwenzake. Hapo ndipo penye mtego. Mtu aweza kuiacha dawa ya mganga siku ya ubatizo wake, na bado akaibeba dawa nyingine moyoni, iitwayo wivu. Yakobo aonya ya kuwa palipo na wivu na kujikuza, hapo huzaliwa machafuko.

Pili, na tuyatazame mataifa, maana nayo yana tuzo zao za amani. Iliyo mashuhuri kuliko zote iliwekwa na Alfred Nobel wa Swideni, mtu ambaye utajiri wake ulitokana na baruti kali ya kupasulia miamba, iitwayo dainamiti, aliyoipatia hati mwaka 1867. Katika wosia wake wa mwaka 1895 aliagiza ya kuwa fungu la mali yake lipewe mtu aliyefanya kazi ya kuleta udugu kati ya mataifa. Na tuzo ya kwanza ilitolewa mwaka 1901. Mwaka 1930 alipewa Nathan Söderblom, Askofu Mkuu wa Uppsala, Mlutheri mwenzetu. Yeye ndiye aliyewakusanya wakuu wa makanisa mjini Stockholm mwaka 1925, baada ya vita vikuu ambavyo Wakristo wa Ulaya waliuana huku kila upande ukimwomba Mungu yule yule. Habari za maisha yake ziliandikwa kitabuni na Bengt Sundkler, ambaye alikuwa askofu huko Bukoba kabla ya Josiah Kibira. Basi habari hiyo si ya mbali nasi kama tunavyodhani.

Tena mwaka 2004 Wangari Maathai wa Kenya aliipokea tuzo hiyo, kwa ajili ya kazi yake na miti ambayo yeye na wanawake wa vijijini waliipanda. Na hapa petu, upande wa mashariki ya ziwa, pana kijiji cha Butiama, alikozaliwa Julius Nyerere mwaka 1922. Serikali ya India ilipoanza kutoa Tuzo ya Amani ya Gandhi, mwaka 1995, Nyerere ndiye mtu wa kwanza kuipokea. Naye alikuwa mtunzi: alitafsiri michezo ya Shakespeare kwa Kiswahili, na katika uzee wake akazitia habari za Biblia katika tenzi. Baada ya kufa kwake mwaka 1999, nchi yetu imeweka Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2023.

Angalieni sasa tofauti moja. Watu hao wa amani walipewa tuzo baada ya kazi. Söderblom alikuwa amekwisha kuandika barua nyingi na kusafiri safari nyingi. Maathai alikuwa amekwisha kupigwa na kufungwa. Lakini katika tuzo zetu ndogo za sharika mwimbaji hulipwa kabla ya kazi. Ameimba ya kuwa tupendane, akapewa zawadi, na bado hajampenda mtu. Basi sisi twasema hivi: tuzo ya wimbo wa amani ni mshahara uliotangulizwa. Ni deni. Aliyeipokea amechukua fedha ya shamba ambalo hajalilima, naye hana budi kushika jembe.

Tatu, iko hatari kubwa kuliko wivu, nayo ni wimbo wa amani usio wa kweli. Nabii Yeremia, katika sura ya sita, aliwakemea makuhani na manabii waliokipaka kidonda cha watu dawa ya juu juu, wakitangaza amani mahali ambapo amani haikuwapo. Ndugu zetu, twajua jinsi tulivyozoea kuiita nchi yetu kisiwa cha amani. Tumeliimba jina hilo kwa sauti nne, na kwa kweli tulikuwa na mengi ya kumshukuru Mungu. Lakini mwezi wa Oktoba 2025, katika siku za uchaguzi mkuu, damu ilimwagika katika miji ya nchi yetu, na ziko nyumba ambamo mtu alitoka asirudi. Kwaya isimamayo leo na kuimba kisiwa cha amani, kama kwamba nyumba hizo hazipo, yatia chumvi katika donda. Hatusemi kwaya inyamaze. Twasema iimbe pamoja na machozi, kama zaburi nyingi zilivyo, maana Mungu hakukataa kuyaweka maombolezo katika kitabu cha nyimbo cha watu wake.

Wimbo wa kweli hutungwa na mtu aliyekubali kuliona kaburi. Baba zetu wa imani walijua hayo. Katika vita vya miaka thelathini vilivyoiharibu Ujerumani, tangu 1618 hata 1648, alikuwako mchungaji wa Kilutheri jina lake Martin Rinkart, katika mji mdogo wa Eilenburg. Mwaka 1637 tauni iliingia mjini, naye akawazika watu maelfu, na mke wake akawa miongoni mwa waliokufa. Mtu huyo ndiye aliyetunga wimbo wa shukrani ambao Walutheri wa dunia nzima wauimba hata leo. Hapakuwa na meza ya waamuzi wala zawadi. Alitunga ili watu wake wapate maneno ya kusema mbele za Mungu walipoketi kula mkate uliosalia.

Nne, na tuulize: ni nani asiyepewa nafasi ya kuimba? Mwaka 2017 ilitolewa sahani ya nyimbo zilizotungwa na kuimbwa na watu wenye ualbino wa kisiwa cha Ukerewe, waliojiita Tanzania Albinism Collective. Aliyezinasa sauti zao ni Ian Brennan wa Marekani, na mwaka huo huo baadhi yao walikwenda Uingereza kuimba mbele ya mkutano mkubwa wa watu. Ilisimuliwa wakati ule ya kuwa wengi wao hawakuwa wamepewa nafasi ya kuimba, hata kanisani. Tuyafikirie maneno hayo, wapendwa. Tangu miaka ya 2006 na 2007 watu wenye ualbino wamewindwa katika mikoa hii ya ziwa, wakakatwa viungo kwa ajili ya tamaa ya mali na uongo wa waganga. Watoto wadogo wamenyakuliwa mikononi mwa mama zao. Sisi tulihubiri juu ya mauaji hayo, nasi tulifanya vema. Lakini je, katika kwaya zetu, ni nani aliyesimama mstari wa mbele? Na nani aliyeambiwa akae nyuma, au akae nyumbani, ili sura ya kwaya iwe nzuri machoni pa waamuzi? Amani imwachayo mtu mmoja nje ya mlango ni amani ya waliomo ndani tu.

Kisiwa hicho cha Ukerewe chatufundisha na jambo jingine, hasa ninyi walimu wa dini. Alikuwako huko katekista wa Kikatoliki jina lake Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Alipenda lugha ya Kikerewe, akaona ya kuwa mila na maneno ya wazee yatapotea, akaandika hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na mkewe Bibi Bugonoka. Nayo kwa sehemu kubwa ni hadithi ya kupatana. Mke adharauliwa na jamaa za mume kwa kukosa mtoto. Wazazi wake wamchukua na kumrudisha kwao. Na mume, badala ya kutafuta mwingine, aenda kwa unyenyekevu kwa wakwe zake, akubali faini ya pombe ya ndizi, ahangaika kuipata, hata arudishiwe mke wake. Kitereza aliimaliza kazi hiyo mwaka 1945, ikakaa miaka mingi bila mpiga chapa. Yeye mwenyewe aliifasiri kwa Kiswahili, nayo ikatolewa mwaka 1980. Akafa mwaka 1981, kabla kitabu hakijamfikia mkononi. Huyu hakuimba mbele ya waamuzi. Lakini ni nani asemaye ya kuwa kazi yake ilikuwa bure? Mbegu ya amani, asema Yakobo, hupandwa na wafanyao amani. Naye apandaye si lazima awe ndiye avunaye.

Sasa twataka kuwasimulia jambo tuliloliona wenyewe. Katika usharika mmoja wa pwani ya ziwa, ambao hatutautaja jina, wazee waliweka tuzo kwa wimbo mpya wa amani, nayo ilikuwa mbuzi jike mwenye mimba. Kwaya mbili zilishindana, ya vijana na ya akina mama. Vijana wakashinda. Akina mama wakasema ya kuwa mwamuzi mmoja ni mjomba wa mwalimu wa kwaya ya vijana, na kwa kweli alikuwa mjomba wake. Vijana wakajibu kwa kiburi. Tangu siku hiyo kwaya hizi hazikuketi benchi moja, wala hazikutaka kukaribia meza ya Bwana pamoja. Mbuzi akabaki amefungwa nyumbani kwa mzee wa usharika, kwa sababu vijana waliogopa kumchukua na akina mama walikataa achukuliwe. Mbuzi akazaa. Watu wote kijijini wakacheka, Wakristo na wasio Wakristo, wakisema: Mbuzi wa amani amekwisha kupata mtoto, na wenye amani hawajapatana.

Mchungaji wa usharika hakuwakemea sana. Jumapili moja baada ya ibada aliwaambia: Wimbo ulioshinda sasa ni wa usharika wote, twende tukauimbe mahali nitakapowaonyesha. Akawaongoza njia ya bondeni, hata nyumbani kwa bibi mmoja mjane. Bibi huyo alikuwa na macho mekundu, kama walivyo wanawake wengi waliopikia moshi maisha yao yote, na watu walikuwa wameanza kumnong'ona kuwa ni mchawi. Ninyi mnajua, wapendwa, mnong'ono wa namna hiyo huishia wapi katika nchi yetu ya Usukuma. Vikongwe wangapi wameuawa kwa panga usiku, kwa neno la mganga na kimya cha majirani! Waimbaji walipoona wanakopelekwa, wengine waligeuka nyuma. Waliofika hawakuwa nusu ya walioanza safari.

Wakamwamkia, Mwadila, mayu; naye akaitika, akawatolea mikeka. Wakaimba, vijana na akina mama pamoja, kwa kuwa hawakutosha kuimba mbalimbali. Bibi akasikiliza hata mwisho. Kisha akasema kwa upole: Wimbo wenu ni mzuri, wajukuu zangu. Lakini jua likichwa, nani atakayelala hapa nami?

Hakuna aliyejibu. Nasi tuliokuwapo hatukuwa na neno. Hatujasikia bado hotuba ya mwamuzi yenye haki kama ile. Mwisho mwanamke mmoja wa kwaya ya akina mama akasema, Mimi nitalala. Na binti mmoja wa kwaya ya vijana akasema, Nami nitakuja na mkeka wangu. Usiku ule walilala watu watatu katika nyumba ile, na taa iliwaka. Kesho yake wengine wakashika zamu, ikaendelea hivyo hata baada ya mavuno, na mnong'ono ukapungua. Maana ni vigumu kumwita mchawi bibi ambaye mke wako amelala kwake. Mbuzi na mtoto wake wakapelekwa kwa bibi, ingawa si wote waliopenda. Meza ya Bwana ikawakusanya tena, si kwa sababu waliamua nani aliyeonewa katika mashindano, bali kwa sababu neno lile lilikuwa limekuwa dogo mbele yao.

Basi, wazee na walimu, kwa hayo yote hatusemi ya kwamba muiondoe desturi ya kutoa tuzo. Vijana wetu wana vipaji, na kipaji kisichoitwa na Kanisa kitaitwa na wengine. Lakini pokeeni mashauri machache.

Waamuzi na watoke usharika mwingine, wasio na mjomba wala shangazi kati ya waimbaji; maana haki ndiyo mama wa amani, na msipotenda haki katika jambo dogo hivi mtatendaje katika kubwa?

Zawadi na iwe ndogo, au iwe kitu cha kutumiwa na wote. Panapo zawadi kubwa, watu hutazama zawadi wakasahau wimbo.

Watunzi na waambiwe watunge juu ya ugomvi wanaoujua: mpaka wa shamba, malisho ya ng'ombe, nyavu zilizoibwa ziwani, urithi wa mjane, chuki ya vyama vya siasa, dharau kati ya Mkristo na Mwislamu. Wimbo wa amani ya mbali huimbwa na kila mtu kwa raha, kwa sababu haumdai mtu kitu.

Watungao kwa Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kizinza wasihesabiwe kuwa nyuma. Bibi yule hakufika shule. Kama wimbo haukumfikia yeye, ulikwenda wapi?

Mwenye ualbino, kiwete, kipofu, mtoto asiye na baba, na wasimame katika kwaya mahali sauti yao inapofaa, si mahali ambapo macho ya watu hayataona.

Na mwisho, mshindi asipewe tuzo yote siku ile. Apewe nusu, na nusu ya pili apewe baada ya miezi mitatu, wazee wakisha kuona kazi ya amani aliyoifanya katika nyumba moja ya kijiji. Watu wengine watacheka sharti hili. Na wacheke. Mkulima naye hapewi mavuno siku ya kupanda.

Twajua pia ya kuwa hapana kazi yetu yoyote inunuayo amani ya Mungu. Hilo ndilo fundisho la Kanisa letu tangu Martin Luther, nasi hatuliachi. Amani na Mungu tumepewa bure, kwa damu ya Kristo, kabla hatujaimba hata neno moja. Lakini fikirini: kama yeye alitulipa kabla ya kazi, wakati tulipokuwa adui zake, je, sisi sote si kama waimbaji wale waliopewa mbuzi kabla ya kulima? Tuzo imekwisha kutolewa. Imebaki sasa kutoka kwenda bondeni, jua linapokuchwa, na mkeka kwapani. Bwana aliwaita wapatanishi kuwa wana wa Mungu. Na mtoto wa nyumba hujulikana kwa kazi aifanyayo nyumbani mwa baba yake, hata pasipo mtu wa kumtazama.

Tuombe: Ee Bwana, uliyeituliza bahari ya Galilaya, litazame ziwa letu na watu walizungukao. Uwafariji waliofiwa ambao hawajapata jibu. Uwalinde usiku vikongwe na watoto wanaowindwa. Utupe nyimbo za kweli, na baada ya wimbo utupe miguu ya kwenda. Amina.